Madafu ya Salalah

Leo nimevaa sweta. Mwezi wa Julai, Oman hii hii!

Jana tumetoka Maskati joto limepita nyuzi 40. Kilomita kama 1,000, nyingi jangwa tupu. Watoto walilala, wakaamka, mchanga ni ule ule.

Halafu milima ya Dhofar, karibu na mji wa Salalah kusini mwa Oman, na ukungu ukatufunika.

Manyunyu. Majani mabichi kila upande. Ni kusi huyu huyu tunayemjua pwani kwetu, ndiye anayeleta khareef, msimu wa manyunyu na ukungu, huku, tangu mwishoni mwa Juni hadi Septemba.

Kando ya barabara kuna vibanda vya madafu na ndizi. Mama, aliyeondoka Unguja miaka mingi, alilishika dafu kwa mikono miwili, akalinusa kwanza. Akanywa kimya mpaka tone la mwisho. Kisha akaomba apasuliwe, ale na nyama yake.

Machozi yalinilenga.

Jabal Akhdar kuna baridi yake nzuri, Ras al Jinz kuna kasa wanaotaga usiku, na kote nimefika. Lakini kwa kiangazi cha huku, Salalah kwanza.

Mliokwishafika, kesho tuanzie bonde la Wadi Darbat au ufuo wa Mughsail? Mama anasubiri jibu.