Kabla hujaliita wimbi, angalia kamba imelala kiasi gani

Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki hupita mashariki ya Mafia na Unguja ukienda kaskazini mwaka mzima. Kusi huutia nguvu, kaskazi huupunguza. Mawimbi ya ndani, yale yanayopanda na kushuka kati ya maji moto ya juu na maji baridi ya chini huku usoni bahari imetulia, ni magumu kuyapima humo.

Tatizo ni kamba. Kamba ya vipimajoto, nanga chini na boya juu, haisimami wima. Mkondo ukikaza inalala, kama nanga ya ngalawa pale Kunduchi maji yakivuta. Kipimajoto ulichokifunga mita 100 kinajikuta mita 115. Kama joto hupungua nyuzi 0.1 kila mita, kitasoma nyuzi 1.5 pungufu na maji yenyewe hayajashuka hata kidogo. Tena kujaa na kupwa ndiko kunakokaza na kulegeza mkondo, basi wimbi hilo la uongo hurudi kila saa 12.4, na wakati wa bamvua huwa kubwa kuliko maji mafu. Linafanana kabisa na la kweli!

Funga vihisi vya kanieneo, yaani vya mgandamizo wa maji unaoonyesha kina, angalau viwili, kimoja karibu na boya na kingine katikati, urudishe kila kipimo kwenye kina chake halisi kabla ya kuchora grafu. Boya lenye nguvu na kamba nyembamba husaidia, ila visikufanye uache vihisi.

Je, matabaka hayo ya maji moto na baridi yatavurugana? Hapo hutumika namba ya Richardson: uthabiti wa matabaka ukigawanywa kwa mraba wa badiliko la kasi kwa kila mita. Ikibaki juu ya 0.25 kote, mtiririko ni thabiti; ikishuka, unaweza kuvurugika. Densiti ikiongezeka kilo 1 kwa mita ya ujazo ndani ya mita 20, ili namba ishuke hadi 0.25 huhitajika tofauti ya kasi ya takriban mita 0.87 kwa sekunde kati ya juu na chini.

Tofauti hiyo hupimwa kwa kipimamkondo cha sauti, kinachotoa milio na kusoma kasi ya maji kwa vipande vya kina viitwavyo seli. Kikipangwa seli za mita 16, tofauti iliyojibana ndani ya mita 4 hufifia, na bahari huonekana tulivu. Chagua mita 4, lakini ongeza idadi ya milio inayowekwa kwenye wastani, maana seli ndogo zina kelele, na kelele nayo husomeka kama tofauti ya kasi.

Rekodi kila dakika 1. Katika matabaka ya mfano huo, mawimbi ya haraka kabisa huchukua kama dakika 5. Ukirekodi kila nusu saa yatajitokeza kwenye grafu kama mawimbi marefu yasiyokuwepo.