Nilivyotoka kwenye kinanda nikaenda kwenye besi

Mpiga besi wetu alihamishwa kikazi kwenda Dodoma mwezi wa pili, mwaka juzi. Jumapili iliyofuata gitaa la besi la usharika lilikuwa limeegemea ukuta nyuma ya spika, kwaya inaimba, dramu inalia, mimi niko kwenye kinanda, na wimbo mzima unaelea. Nikajaribu kuziba pengo kwa mkono wa kushoto, nikazigonga noti za chini kwa nguvu kuliko kawaida. Haikukaa. Baada ya ibada mwalimu wa kwaya akanivuta pembeni: "Kaka, kinanda unakijua, gitaa unalijua. Besi itakushindaje? Kinanda tumpe yule binti wa kwaya ya vijana, ameshaiva." Nikakubali palepale, maana besi nilikuwa naitamani siku nyingi. Yule ndugu alikuwa na tabia moja niliyoipenda: tukifika kwenye kiitikio alikuwa anapanda nyuzi za juu, D na G, anapiga vitu vyembamba vitamu. Nilijua ndiyo staili yake.

Wakati huo nilikuwa na miaka 12 ya kinanda na kama minne ya gitaa la rithimu. Nikajipa mwezi mmoja. Ilichukua minane hadi mwalimu wa kwaya akaacha kunigeukia katikati ya wimbo.

Majina ya nyuzi hayakunisumbua. Besi ya nyuzi nne ni E, A, D na G, zilezile nne nene za gitaa la kawaida, zimeshushwa oktava moja, yaani kutoka do hadi do ya chini yake. Kilichonisumbua ni umbali. Uzi wa gitaa kutoka darajani hadi juu ya shingo ni kama sentimita 65. Wa besi ya kawaida ni 86. Kule karibu na kichwa freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo, zimeachana kwelikweli, na mimi nilikuwa nang'ang'ania kila kidole kiwe na freti yake kama nilivyozoea kwenye gitaa. Wiki ya pili kifundo cha mkono kikaanza kuuma hadi nikishika usukani. Kiliacha kuuma nilipoanza kutumia kidole cha shahada, cha kati na kile kidogo cha mwisho, cha pete kikimsaidia mdogo wake kusukuma uzi.

Kisha kuna suala la transipozi. Wapiga kinanda wengi wa makanisani wanajua ninachosema: unapiga kila kitu kwenye C, waimbaji wakitaka juu unabonyeza kitufe. Miaka 12 nimeishi hivyo. Besi haina kitufe, lakini ina kitu ambacho kwangu kilikuwa zawadi. Umbo la vidole la do, mi, so kwenye G ni lilelile kwenye A. Unasogea freti mbili, basi. Ndani ya miezi mitatu nilikuwa naelewa funguo kuliko nilivyozielewa miaka yote ya kinanda.

Kazi kubwa ilikuwa kunyamazisha. Kwenye kinanda ukiinua kidole, sauti inakufa. Kwenye besi uzi ukiuacha unaendelea, na wenzake nao wanaitikia bila kuitwa. Hili nililigundua usiku mmoja nyumbani Tabata, umeme umekatika. Sikutaka kupoteza mazoezi, na besi ya umeme bila amplifaya husikii kitu, hasa majirani wakiwa wamewasha jenereta. Nikakumbuka kuegemeza pembe ya juu ya gitaa kwenye mlango wa kabati la mninga. Kabati zima likaanza kuimba. Sauti nzito, safi, naisikia hadi kwenye mbavu. Nikapiga C kwenye uzi wa A, nikauziba. Kabati halikunyamaza. Kulikuwa na mngurumo unaoendelea chini kabisa, nikaweka kidole kwenye uzi wa E, ukakata. Kumbe kila wimbo niliokuwa napiga ulikuwa na huo mngurumo chini yake, na kwenye kelele za kanisani nilikuwa siusikii, nasikia tu kwamba muziki ni mzito na hauna sura. Tangu usiku ule dole gumba la mkono wa kulia linalala juu ya uzi wa E kila ninapopiga nyuzi nyingine, na vidole vya kushoto vinagusa vile ambavyo havina kazi. Hadi leo umeme ukiwepo bado naegemea kabati mara mojamoja, kukagua.

Aliyeninyoosha zaidi ni mzee mmoja wa Ilala aliyepiga besi kwenye bendi za dansi enzi zake. Rafiki alinipeleka. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, hebu nisikie." Nikampigia pambio ninaloliweza kuliko yote, nikaweka na vinoti vya kupita, vya kupanda, vya kushuka. Akasikiliza hadi mwisho. "Vidole vizuri," akasema. "Sasa mbona unaogopa kimya?"

Sikumwelewa. Akaanza kugonga sakafu kwa kisigino, taratibu, kama dramu ya mguu, akaniambia nipige do peke yake. Kisigino kikishuka, nami nishuke. Kikiinuka, nizibe. Tulikaa hivyo karibu nusu saa, noti moja. "Noti ina mahali pa kuanza na mahali pa kuishia," akawa anasema, "wewe unajali inapoanzia tu." Kisha akabadilisha, akaniambia niache pigo la kwanza lipite tupu, niingie baadaye. Nilipofanya hivyo kile kisigino kikawa kama kina mbawa. Palepale kwenye kiti cha plastiki nilihisi mwili unataka kucheza, na nilikuwa sijaongeza kitu, nimepunguza.

Nyumbani tulikua baba akiwa mtu wa Sikinde na mjomba mtu wa Msondo, bendi mbili za dansi zenye upinzani, ubishi wao nimeusikia tangu utoto. Nilikuwa najua nyimbo zile kwa mashairi na kwa solo, besi sikuwahi kuisikiliza. Baada ya siku ile nikawa nazisikiliza kwenye basi la mwendokasi asubuhi, zile rekodi za zamani za Redio Tanzania, kwa hedifoni. Naomba sana mtu anayejifunza asisikilize besi kwa spika ya simu. Uzi wa E ukiwa huru unatetema mara 41 kwa sekunde. Kaspika kale hakawezi kufika huko, kanakupa vivuli tu. Kwa hedifoni nilisikia jinsi gitaa la rithimu linavyozunguka bila kupumzika, solo linaongea juu, na besi inasema maneno matatu, inakaa kimya, inasema mawili. Sehemu ya chemko, ile ya kucheza, ikifika wote wanachangamka, besi bado ina mapengo yake. Kwa maoni yangu hakuna shule ya besi mjini hapa inayoshinda zile rekodi.

Kosa lililonigharimu pesa ni amplifaya. Besi yangu nilinunua iliyotumika, Kariakoo, nikaichomeka kwenye amplifaya ndogo ya gitaa niliyokuwa nayo, nikafungulia. Siku ya nne karatasi ya spika ikachanika. Mtambo wa gitaa haukutengenezwa kwa mawimbi mazito namna ile. Kama huna mtambo wa besi, pigia kwenye kinanda chenye tundu la kuingizia sauti kutoka nje, usikilize kwa hedifoni, au piga sauti ya chini kabisa, au tafuta kabati la mninga.

Kinanda nacho kilinilipa fadhila. Nilikuwa najua kodi, zile noti zinazopigwa kwa pamoja, zina nini ndani, kwa hiyo nilielewa haraka mamlaka aliyonayo mpiga besi. Binti akishika C, E na G, mimi nikipiga C chini yake, ni C. Nikipiga A, yeye hajasogeza hata kidole, lakini kanisa zima linasikia A maina yenye saba, na wimbo umeingia huzuni. Na vitabu vyetu vya kwaya vya sol-fa, ule mstari wa chini kabisa wa sauti ya besi, nilianza kuupiga kama ulivyoandikwa. Watunzi walishafikiria pa kwenda. Kina baba wa sauti ya nne wakaniambia sasa wanasikia njia yao.

Tatizo likawa moja. Kila tulipofika kwenye kiitikio, sauti yangu inapotea. Nikadhani ni fundi mitambo, nikadhani ni nyuzi zimepata kutu kwa hii hewa yetu ya chumvi, nikabadilisha zote nne. Bado. Jumamosi moja kwenye mazoezi nikasogea karibu na binti nikatazama mikono yake. Kiitikio kikaingia, na mkono wake wa kushoto ukashuka, ukapiga oktava za chini kwa nguvu, juu ya noti zangu kabisa. Alijifunza kwa kunitazama mimi. Nikamwomba, "Dada, kiitikio kikifika, inua huo mkono wa kushoto." Akauinua, akauweka mapajani. Tukarudia. Mwalimu wa kwaya akasimamisha wimbo kuuliza nani kaongeza sauti ya besi.

Usiku ule nikampigia ndugu yangu wa Dodoma nimwombe radhi kwa miaka yote ile. Akacheka sana. "Nilikuwa nafanyaje sasa," akasema. "Ukishaanza kugonga huko chini, mimi napanda D na G, huko ndiko ulikoniachia nafasi."