Insha ya mwenzangu

Nimemaliza kusoma insha ya mwenzangu kuhusu utambulisho wetu mtandaoni. Aya ya tatu imenigusa sana: anaeleza anavyopandisha picha, anaifuta, anaipandisha tena. Pembeni nikamwandikia, "Kaa hapa, usikimbie." Maana sentensi inayofuata inadai kila mtu mtandaoni ni mwongo, na hilo hajalionyesha popote. Nimemshauri amsome mwanasosholojia Erving Goffman, aliyeeleza mwaka 1959, intaneti haijazaliwa, kwamba hata ana kwa ana tunajionyesha kama waigizaji jukwaani. Sasa anayechagua picha anadanganya, au anachagua tu upande wa kuonekana? Hilo nimemwachia alijibu mwenyewe, insha ni yake. Makosa ya tahajia sijayagusa kwanza, yatasubiri rasimu ya pili.