Kusini kuna mambo, jamani

Likizo ikifika kila mtu ni Zanzibar au Arusha. Safari hii tulipanda basi la kusini, tukavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, tukashukia Kilwa Masoko.

Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, mnavuka kwa mashua. Kabla hamjashuka mnaliona Gereza, ngome kongwe imesimama pale ufukweni. Ila kilichonimaliza mimi ni Msikiti Mkuu. Ingia, inua kichwa: kuba kwa kuba, nguzo zimepangana, zote mawe ya matumbawe na chokaa. Sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11! Ukipapasa ukuta unaona kabisa michoro ya matumbawe kwenye jiwe. Msafiri maarufu Ibn Battuta kutoka Morocco alifika mji huu wa Kilwa mwaka 1331 akausifia. Sisi wenye nchi je?

Ukitembea mbele kidogo kuna Husuni Kubwa, kasri la sultani juu ya genge. Ndani lina bwawa la kuogea la pembe nane, bahari iko chini yako. Mtu alijua kuishi.

Tuliendelea hadi Mikindani, karibu na Mtwara mjini: ghuba imetulia, minazi, nyumba za zamani zenye milango ya nakshi, na boma la Wajerumani la 1895 ambalo siku hizi ni hoteli. Lindi tulipita tu, nayo tunaidai.

Mnaotaka kwenda: kibali cha Kisiwani chukueni Masoko kabla ya kuvuka, na vukeni asubuhi. Jua la kule halina masihara.