Ninavyosafiri na vinywaji kwenye ndege bila kuviacha kwenye pipa

Mara ya kwanza kupanda ndege nilinyang'anywa juisi. Ilikuwa chupa ya nusu lita, nimeshakunywa karibu yote, imebaki kidogo chini. Nikamwambia yule afisa wa ukaguzi, "Afande, humo hata mililita mia hazifiki." Hakubishana nami. Aliigeuza chupa, akaweka kidole penye namba 500, kisha akaitupa. Nilimwona mkorofi, kumbe ndiyo kanuni: kinachopimwa ni ukubwa wa chombo, si kilichomo. Chupa ya mililita 200 yenye matone mawili bado ni ya 200.

Kanuni yenyewe ilizaliwa mwaka 2006. Mwezi Agosti, polisi wa Uingereza walivunja njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji vilivyokusudiwa kufichwa ndani ya chupa za vinywaji. Tangu hapo nchi nyingi zinataka kila chombo kisizidi mililita 100, na vyote vikae kwenye mfuko mmoja wa lita moja, unaoonyesha ndani na unaofungika. Na si vinywaji peke yake. Supu, mtindi na asali navyo huhesabiwa majimaji.

Siku hizi nabeba chupa tupu. Maji nayamaliza nikiwa kwenye foleni, naipitisha kwenye mashine haina kitu, naijaza bombani nikishavuka. Nilidhani nimemaliza kazi, hadi siku nilipofungua chupa yenye mrija tukiwa angani, maji yakaruka hadi kwenye shati la jirani yangu. Hewa ya ndani ya ndege huwa nyepesi kama ya mlimani, kwenye mita 1,800 hadi 2,400, kwa hiyo ile iliyofungiwa chupani hutanuka na kusukuma maji nje. Sasa huifungua chupa taratibu kabla ndege haijapaa juu sana, na mrija nimeachana nao.

Maziwa ya mwanangu yalinitia hofu bure. Maziwa ya mtoto na dawa za maji huruhusiwa kuzidi mililita 100 katika nchi nyingi, mradi kiasi kilingane na safari. Niliyatoa mwenyewe kwenye begi na kuyasema kabla sijaulizwa, wakayapima pembeni, tukaenda zetu. Ukisubiri wayagundue wao kwenye skrini, utachelewa.

Kuna viwanja vyenye mashine mpya, kama cha Edinburgh, vinavyoruhusu vyombo vya hadi lita mbili. Raha, ila usisahau safari ya kurudi: kiwanja cha upande wa pili huenda bado kinashikilia 100.

Lililoniuma kuliko yote ni mvinyo wa baba mkwe. Niliununua kwenye duka lisilotoza ushuru, ukatiwa kwenye mfuko maalumu uliozibwa, risiti ikiwa ndani. Nami kwa kiherehere nikauchana kumwonyesha mwenzangu. Nilikuwa na ndege ya pili ya kuunganisha, na huko tulikaguliwa upya. Mfuko umefunguliwa, basi chupa ni majimaji kama mengine. Ikabaki pale. Kumbe mfuko hautakiwi kuguswa hadi mwisho wa safari, na ukiweza, nunua kwenye kiwanja cha mwisho kabisa.

Wala usidhani ningeunywa humo humo. Mashirika mengi hayaruhusu abiria kujimiminia pombe yake, na Marekani ni marufuku kisheria isipokuwa umemiminiwa na mhudumu.

Safari iliyofuata mvinyo mwingine wa mzee niliuweka kwenye begi kubwa linalopakiwa chini. Huko kikomo cha mililita 100 hakipo, ila pombe ina masharti yake: ya asilimia 24 kushuka chini haina ukomo wa usalama, ya zaidi ya 24 hadi 70 mwisho lita tano kwa abiria, tena ikiwa haijafunguliwa, na ya zaidi ya 70 haipandi kabisa. Forodha nao wana kiwango chao, hicho nilikiulizia mapema. Chupa niliizungushia jinzi mbili, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaiweka katikati ya nguo. Mzee aliipokea nzima, akauliza kwa nini inanuka sabuni ya kufulia.