Sindano nimeacha, miezi 8 sasa
Jamani, mwaka jana nilitaka vyote kwa mpigo: misuli ijae, kitambi kiishe. Jamaa mmoja jimu akaniuzia testosteroni, ile homoni ya kiume, ya kuchoma, kichupa hakina hata lebo. Kifua kilijaa kweli, fulana zikabana. Lakini presha ilifika 160 kwa 100, chunusi za mgongoni zikawa zinaacha damu kwenye shuka, na korodani zikasinyaa, maana mwili ukiletewa homoni kutoka nje huacha kutengeneza yake. Unayechoma, ndugu yangu, kapime presha wiki hii, tafadhali.

Sasa ni mayai, maharage, dagaa, vyuma mara 4 kwa wiki na kulala mapema. Jana mke wangu kanipima kiuno kwa futi ya fundi cherehani: zimepungua inchi 2.