Majina 14 nyuma ya mlango

Saizi ni saa saba usiku, joto la Agosti hii ya 2025 la hapa Columbus, Ohio, Marekani, halina tofauti sana na la Tanga isipokuwa huku upepo wa bahari hakuna, watoto wamelala, na mimi nimekaa jikoni naangalia karatasi niliyobandika nyuma ya mlango tangu mwezi wa nne. Ina majina 14. Mama watoto ameshaniuliza mara tatu naitoa lini maana anataka mlango upakwe rangi, na kila akiuliza nasema kesho. Ni majina ya vijana wa chuo cha Ohio State waliochukuliwa na timu za NFL, ligi ya kulipwa, kwenye drafti ya mwaka huu, ile siku timu zinapochagua wachezaji wapya, 14 kutoka chuo kimoja, yani kwa mpira wetu wa miguu hiyo ni timu nzima imeondoka na watatu wa akiba juu.

Kwa mnaonisoma kutoka nyumbani, naongelea ule mpira wa Kimarekani wa kushika kwa mikono, wa helmeti na mabega ya kuvimba, tena sio wa kulipwa, ni wa chuo. Najua mnacheka. Hata mimi nilicheka. Nilishuka hapa Novemba 2016, wiki ya mechi na Michigan, chuo hasimu wetu, bila kujua, nikapita maeneo ya chuo nikakuta herufi M kwenye vibao zote zimepigwa alama ya X kwa utepe mwekundu, nikajua hapa pana ugomvi wa kisiasa au watu wamerogana. Jumamosi ile mechi ikaisha 30-27 baada ya kuongezwa muda mara mbili na mji mzima ukapiga kelele kama Msimbazi, na mi niko kwa shemeji nimejifunika mablanketi mawili sielewi chochote. Jina langu lina M mbili. Kazini mpaka leo wiki hiyo ikifika wananiita kwa herufi zilizobaki.

Bi mkubwa nilipomweleza kwa simu kwamba uwanja wa chuo unaingiza watu zaidi ya laki moja aliuliza swali moja tu, "sasa hao watoto wanasoma saa ngapi?" Sina jibu mama, mpaka leo sina.

Sasa turudi kwenye karatasi. Hawa 14 sio kwamba waliondoka tu, kilichonifanya niwaandike ni kwamba wengi wao walikuwa na nafasi ya kuondoka mwaka mmoja kabla wakakataa. Emeka Egbuka, TreVeyon Henderson, Jack Sawyer, JT Tuimoloau, Denzel Burke, Lathan Ransom, wote wangeweza kwenda kula hela za NFL 2024, wakarudi chuoni. Kisa? Hawajawahi kumfunga Michigan. Hilo tu. Na Sawyer ni mtoto wa Pickerington, hapo hapo anapokaa shemeji yangu. Basi wakarudi, msimu ukaenda, ikafika 30 Novemba, Michigan hawana msimu wowote wa maana, mechi iko kwetu, na tukafungwa 13-10. Tena. Mara ya nne mfululizo. Baada ya mechi wale jamaa wakataka kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja wetu, zikapigwa, polisi wakamwaga pilipili. Nilizima tivii nikaenda kuosha gari usiku, kwenye baridi ile, majirani wakanishangaa.

Na msisahau mi ni mtu wa Simba. Kwa hiyo nyumbani Yanga wamechukua ligi mara nne mfululizo na huku Michigan wametufunga mara nne mfululizo, nikiwaambia mimi nina mkosi pande zote mbili za bahari mnadhani natania.

Halafu ndo ikatokea kile ambacho mpaka leo sijakielewa vizuri. Watu walikuwa wanataka kocha Ryan Day afukuzwe, kweli kabisa, abiria niliokuwa nawabeba wiki ile walikuwa wanamtukana mpaka naongeza sauti ya redio. Lakini mwaka ule ndo mtoano uliongezwa timu zikawa 12, zamani zilikuwa 4 tu na sisi tungekuwa nje, tukaingia wa nane. Tennessee tukampiga 42-17, Oregon 41-21, Texas 28-14 na hapo ndo Sawyer aliporuka akamtoa mpira kwotabeki wao, yule mrushaji wa pasi, ambaye alikuwa mwenzake wa chumba zamani, akakimbia nao yadi 83 mpaka mwisho, mtu wa kilo zile. Fainali 20 Januari, Atlanta, Notre Dame akala 34-23. Wakachukua kombe la nchi na Michigan hawakumfunga kamwe. Walirudi kwa deni moja, wakashindwa kulilipa, wakaondoka na kitu kikubwa kuliko lile deni. Mi nilikuja huku nikasema mwaka mmoja tu nijenge nyumba ya bi mkubwa kisha narudi. Nyumba imefika kwenye lenta.

Basi, wamekwenda. Na sio wachezaji tu, kocha wa mashambulizi Chip Kelly kaenda Las Vegas Raiders ya NFL, kocha wa ulinzi Jim Knowles kaenda Penn State, ambao ni wapinzani wetu wa ligi moja kabisa. Ni kama msaidizi wa Simba asaini Jangwani wiki mbili baada ya ubingwa. Nafasi zao kapewa Brian Hartline, ambaye ndo amewalea wapokeaji wa pasi wote wazuri tuliokuwa nao miaka hii, na kwenye ulinzi kaletwa Matt Patricia, babu wa ndevu na penseli sikioni aliyekuwa New England ya NFL. Hartline namwamini. Patricia, mmh. Alikuwa kocha mkuu wa Detroit, huko huko NFL, na haikwenda vizuri hata kidogo. Lakini kupanga ulinzi ni kazi yake ya asili, tumpe muda, ingawa mashabiki wa hapa muda hawana na mi nimeshaanza kufanana nao.

Kinachoninyima usingizi kweli ni kwotabeki. Will Howard tulimchukua Kansas State akacheza mwaka mmoja akatupa kombe akaenda zake Pittsburgh ya NFL, na waliobaki hakuna hata mmoja aliyewahi kuanza mechi ya chuo. Yuko Julian Sayin wa California, huyu alisaini Alabama, akafika, siku chache baadaye kocha Nick Saban akastaafu, dogo akabeba begi akaja kwetu. Yuko Lincoln Kienholz wa South Dakota, kakaa benchi kwa uvumilivu. Na yuko Tavien St. Clair, mtoto wa Bellefontaine hapa hapa Ohio, katoka sekondari juzi. Mpaka leo naandika kocha hajataja jina. Nilikwenda kuwaangalia kwenye mechi ya mazoezi ya Aprili nikatoka na jibu la kwamba Sayin mkono wake ni mwepesi, mpira unatoka kabla hujajua kaamua, ila mwili mdogo, na zile ngumi za Texas tunaoanza nao msimu sio za mazoezi. Mi namsimamisha Sayin. Nimesema, msije mkanigeukia.

Atakayesimama hapo ana bahati moja, anamtupia Jeremiah Smith. Jamani. Huyu dogo mwaka jana alikuwa mwaka wa kwanza, kashika pasi 76 na tachidauni 15, ndo magoli ya huku. Kwenye fainali, mechi imeshaanza kunukia vibaya, yadi 11 zinahitajika ili tusipoteze mpira, Howard akamrushia ya juu dogo akaenda nayo yadi 56 na pale ndo Notre Dame wakaanza kukusanya vitu vyao. Raha zaidi ni kwamba NFL hawachukui mtu mpaka itimie miaka mitatu toka amalize sekondari, kwa hiyo hata akitaka kuondoka mwakani hawezi. Pembeni yake Carnell Tate, na katoka Purdue Max Klare, yule mrefu wa kushika mpira katikati ya vurugu. Kwa wapokeaji sina hata neno.

Mbele yao, laini ya kumlinda kwotabeki, hapo ndo penye kazi. Donovan Jackson na Josh Simmons wote wameondoka raundi ya kwanza, wamesajiliwa Phillip Daniels wa Minnesota na Ethan Onianwa wa Rice. Watu wa Marekani laini hawaiangalii, wanaangalia mpira, lakini abiria mmoja mzee aliyewahi kucheza zamani alinifundisha niangalie wale watano wa mbele kwanza, mpira utaukuta tu, na toka siku ile naona mechi nyingine kabisa. Mmoja wa wale watano anaitwa Tegra Tshabola. Jirani yangu wa chini ni mzee wa Lubumbashi, mpira huu haujui wala hautaki, ila mtangazaji akitamka Tshabola anatoka jikoni mbio, "ile jina ni ya kwetu!", anasimama mpaka dogo aonekane, kisha anarudi kwenye sufuria yake.

Na sio yeye tu. Kwenye ulinzi, nafasi aliyoacha Sawyer, anategemewa Kenyatta Jackson Jr., kijana wa Florida. Kuna dada mmoja Mkenya tunapiga naye zamu ya usiku ghalani, yeye amejitangaza meneja wa kampeni, anasema "rais wetu sasa amepewa nafasi ya kuanza". Nyuma yao yupo Caleb Downs, naye alitoka Alabama, beki anayesoma mchezo kama kaandika yeye, na Sonny Styles katikati. Hawa wawili wakiwa wazima Patricia atalala usingizi.

Sasa nataka kusema kitu kuhusu hela maana kila nikiongea na washkaji nyumbani wanaanza hapo. Mpaka 2021 mchezaji wa chuo alikuwa haruhusiwi kulipwa hata kwa tangazo la duka la magari. Wakaruhusiwa matangazo. Mwaka huu mwezi wa sita jaji kapitisha makubaliano, na kuanzia Julai mosi chuo chenyewe kinalipa wanamichezo moja kwa moja, mwisho dola milioni 20.5 kwa mwaka huu wa kwanza kwa michezo yote. Kikosi mwisho watu 105. Timu yetu ya ubingwa mkurugenzi wa michezo alisema mwenyewe kwamba iligharimu kama milioni 20. Mi kijana wa miaka 19 kulipwa sioni kosa, watu laki moja wanakuja kumwangalia avunjike goti, wacha alipwe. Kinachoniuma ni kwamba kila msimu ukiisha likifunguliwa dirisha lao la uhamisho unaamka asubuhi nusu ya majina uliyoyakariri yamehama. Nyumbani usajili wa Simba na Yanga tunaufurahia, tunaupokea uwanja wa ndege na vuvuzela. Huku umenifundisha kuandika kwa penseli. Ile karatasi ya mlangoni niliiandika kwa kalamu ya wino kwa sababu wale walikaa.

Vijana wa kuja wapo, usajili wa Day haujawahi kuwa wa njaa. Devin Sanchez beki wa Houston kashaingia, Bo Jackson mkimbiaji wa Cleveland naye kaingia, na kwa mwaka ujao kashaahidi Chris Henry Jr., mpokeaji, mtoto wa marehemu Chris Henry aliyechezea Cincinnati ya NFL. Ila ahadi ya mtoto wa miaka 17 siku hizi ni kama mvua ya vuli, ukiiona kwenye ndoo ndo uamini. Michigan wao wamempata Bryce Underwood, kwotabeki aliyekuwa namba moja nchi nzima, ameahidi chuo cha LSU weee halafu akabaki kwao. Mechi yetu nao ni 29 Novemba, kwao.

Ratiba nayo. Kura ya makocha ya kupanga timu bora imetoka wiki hii, Texas wa kwanza, sisi wa pili, Penn State wa tatu, na Texas ndo anakuja hapa siku ya kwanza kabisa, 30 Agosti, na kwotabeki wao Arch Manning. Penn State anakuja 1 Novemba na Knowles anayejua kila siri ya jikoni, na kwotabeki wao Drew Allar ni mtoto wa Medina hapa Ohio. Ila mechi inayonipa homa wala hawaitaji, ni Illinois kwao 11 Oktoba, wale jamaa wamerudi karibu wote na watatukuta tumechoka na sifa. Mi naona tutapoteza mbili. Moja mwanzoni dogo akiwa bado anatetemeka, moja huko huko Illinois. Na Michigan safari hii tunampiga. Nimeshasema hivyo miaka minne, najua.

Mechi ya Texas inaanza saa sita mchana, Tanga itakuwa saa moja jioni, bi mkubwa amesema ataangalia kidogo kwa simu ya mjukuu wake kama bando litakuwepo. Zamu yangu ya Jumamosi hiyo nimebadilishana na yule dada Mkenya, kanikamua, nimemfanyia yake ya 1 Septemba ambayo ni sikukuu ya wafanyakazi huku na alijua fika kila mtu anaitaka. Na sharti lingine eti nivae fulana aliyoiandika mwenyewe, jina la Kenyatta mgongoni. Nimekubali.

Mlango, mama watoto ameshanunua rangi. Nyeupe. Karatasi nimeibandua sasa hivi, pembe moja imechanika kidogo kwa Cody Simon, nimeikunja nimeiweka kwenye ile bahasha ya pasipoti.